Upakaji rangi wa manyoya ya mbwa

Upakaji rangi wa manyoya ya mbwa ni kazi ya kubadilisha kwa muda rangi ya asili ya manyoya ya mbwa kwa kutumia rangi za viwandani au zinazotokana na mimea. Mara nyingi hufanywa kwa ajili ya urembo, maonyesho, mashindano au sherehe. Pengine hufanywa ili kumtia mbwa alama au kumfanya afanane na mnyama mwingine.

Desturi hii inajulikana hasa Marekani, China, Japani na Korea Kusini, na picha zake husambaa sana kwenye mitandao ya kijamii. Watu hawakubaliani juu yake. Wengine huiona ni mchezo usio na madhara, sawa na mtu kupaka nywele zake rangi. Wengine huiona ni kumgeuza kiumbe hai kuwa kipambo. Ili kuelewa ubishi huo inafaa kutenganisha maswali matatu: ni dawa gani iliyotumika, kazi yenyewe ilifanywaje, na mbwa mwenyewe anapata nini.

Historia

Kupaka wanyama rangi si jambo jipya. Katika nchi za Iran na Uhindi hina ilitumika tangu zamani kupamba mikia, singa na miguu ya farasi. Katika nchi za Ghuba, ngamia anayeshinda mashindano ya mbio hupakwa zafarani kichwani na shingoni ili watu wamtambue na kumpa heshima. Mjini Tijuana, Meksiko, punda hupakwa milia kama punda milia ili watalii wapige picha pamoja nao; desturi hiyo ilianza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Kwa upande wa mbwa, aina iliyohusishwa zaidi na mapambo ni pudeli. Asili yake ni mbwa wa kuwinda ndege wa majini, na inasemekana alinyolewa sehemu fulani za mwili ili aogelee kwa urahisi, huku manyoya yakiachwa kwenye viungo na kifua kwa ajili ya joto. Baadaye, hasa nchini Ufaransa, mnyoo huo ukawa mtindo wa matajiri. Manyoya ya pudeli yamejikunja, hukua mfululizo kama nywele za binadamu, na ya rangi nyeupe hushika rangi vizuri. Kwa sababu hizo pudeli mweupe ndiye anayeonekana mara nyingi katika kazi za leo za upakaji rangi.

Sababu za kumpaka mbwa rangi

Urembo na mashindano

Nchini Marekani kuna mashindano ambapo wasusi wa mbwa hunyoa na kupaka manyoya hadi mwili wa mbwa uonyeshe maua, ndege, wahusika wa filamu au mandhari nzima. Maandalizi huweza kuchukua miezi, kwa sababu manyoya huachwa yakue na rangi huwekwa hatua kwa hatua. Filamu ya hali halisi Well Groomed ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Rebecca Stern, inawaonyesha wanawake kadhaa wanaoshiriki mashindano hayo pamoja na mbwa wao.

Wengine hupaka rangi sehemu ndogo tu, kama ncha za masikio au mkia, kwa ajili ya sikukuu au picha. Wako pia watu maarufu waliofanya hivyo. Mwaka 2018 rapa Valee wa Chicago alionekana na mbwa wake mdogo wa aina ya Chihuahua aliyepakwa rangi nyekundu mwili mzima. Shirika la kutetea wanyama la PETA lilimlaumu, naye akajibu kwamba rangi aliyotumia haikuwa na madhara kwa mnyama.

Kumfananisha na mnyama mwingine

Nchini China mbwa wa aina ya chau chau, ambao ni wanene na wenye uso wa duara, wamewahi kupakwa rangi nyeusi na nyeupe ili wafanane na panda. Mei 2024 bustani ya wanyama ya Taizhou, katika jimbo la Jiangsu, iliwaonyesha wageni mbwa wa namna hiyo. Wasimamizi walieleza kwamba bustani haikuwa na panda wa kweli, na wakatoa mfano wa watu wanaopaka nywele zao rangi. Baadaye mwaka huohuo bustani nyingine katika jimbo la Guangdong iliingia kwenye habari kwa jambo lilelile, baada ya wageni kuona "panda" wakihema ulimi nje na kubweka.

Nchini Italia, mwaka 2014, polisi waliwachukua mbwa wawili wa chau chau kutoka kwenye sarakasi moja karibu na mji wa Brescia. Mbwa hao walikuwa wamepakwa rangi wafanane na panda, na watazamaji walipigwa picha pamoja nao.

Si kila udanganyifu una lengo la fedha za watalii. Mwaka 2019 mkulima mmoja katika jimbo la Karnataka, Uhindi, alimchora mbwa wake milia ya simbamarara kwa kutumia rangi ya nywele ili kuwatisha nyani waliokuwa wakiharibu mazao yake.

Sherehe

Nchini Nepal, siku ya pili ya sikukuu ya Tihar ni siku ya kuwaheshimu mbwa, inayoitwa Kukur Tihar. Mbwa wa nyumbani na wa mitaani huvishwa koja la maua, hupewa chakula kizuri na hutiwa alama nyekundu ya tika kwenye paji la uso. Hapa rangi ni kidogo, huwekwa kwa muda mfupi, na mbwa hupata chakula na upendo.

Hali ni tofauti katika sikukuu ya Holi nchini Uhindi, ambapo watu hurushiana unga na maji ya rangi. Kila mwaka mashirika ya ustawi wa wanyama huwaomba watu wasiwarushie mbwa na ng'ombe wa mitaani, kwa sababu unga huo huingia machoni na puani, na wanyama huulamba wakijisafisha.

Alama za utambulisho

Katika kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa waliokwisha kuchanjwa hutiwa alama kwa rangi ya kupuliza au hufungwa ukanda shingoni. Alama hiyo huwawezesha wahudumu kuhesabu mbwa waliochanjwa na kutomchoma mmoja mara mbili. Ni mfano wa rangi inayomletea mbwa faida ya moja kwa moja: mbwa anayejulikana kuwa amechanjwa haogopwi na wala hauawi ovyo.

Rangi isiyokusudiwa

Mara nyingine mbwa hubadilika rangi bila mtu kukusudia. Agosti 2017 mbwa wa mitaani katika eneo la viwanda la Taloja, karibu na Mumbai, walionekana wakiwa na manyoya ya buluu kutokana na taka za rangi zilizotoka kiwandani. Februari 2021 mbwa wa buluu walionekana pia karibu na kiwanda cha kemikali kilichoachwa mjini Dzerzhinsk, Urusi. Matukio hayo yalivuta macho ya watu kwa uzuri wa ajabu wa picha zake, kumbe rangi hiyo ilikuwa dalili ya uchafuzi wa mazingira.

Jinsi rangi inavyofanya kazi

Unywele wa mbwa, kama wa binadamu, una tabaka la nje lenye magamba madogo na tabaka la ndani lenye melanini, yaani kitu kinachoupa unywele rangi yake ya asili. Rangi za kupaka zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni rangi za juujuu: chaki, unga, rangi za kupuliza na rangi za chakula. Hizi hukaa juu ya unywele na nyingi hutoka kwa kuosha.

Kundi la pili ni rangi za muda. Chembe zake zina rangi tayari; hupenya kidogo chini ya magamba au hung'ang'ania juu yake, kisha hufifia kadiri mbwa anavyooshwa. Rangi nyingi zinazotengenezwa mahususi kwa ajili ya mbwa ziko katika kundi hili. Hazihitaji dawa kali ya kufungua unywele.

Kundi la tatu ni rangi za kudumu, ambazo ndizo dawa za kawaida za kupaka nywele za binadamu. Amonia au kitu kinachofanana nayo hufungua magamba ya unywele. Haidrojeni peroksaidi hufifisha melanini. Ndipo chembe ndogo zisizo na rangi, mara nyingi parafenilenidiamini (kwa kifupi PPD), huingia ndani, huungana na kuwa chembe kubwa zenye rangi ambazo haziwezi kutoka tena. Rangi hudumu hadi unywele unyolewe au udondoke.

Kutokana na utaratibu huo, mbwa mweusi au wa kahawia hawezi kuwa wa waridi kwa rangi ya muda peke yake. Lazima kwanza manyoya yake yafifishwe kwa dawa kali. Ndiyo maana wasusi waangalifu huwapaka mbwa weupe tu, na ndiyo maana mtu anayejaribu nyumbani kwa mbwa mwenye manyoya meusi huwa hatarini zaidi kumuumiza.

Ngozi ya mbwa na ngozi ya binadamu

Hoja ya kwamba "hata watu hupaka nywele" haizingatii tofauti za mwili. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko la binadamu. Mbwa hutegemea manyoya yake kwa kinga, wakati binadamu hutegemea zaidi unene wa ngozi yenyewe. Kiwango cha asidi pia hakilingani: ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, ilhali ya mbwa inakaribia hali isiyo na asidi wala alkali. Kwa sababu hiyo hata shampuu ya watu inaweza kukausha ngozi ya mbwa, seuze dawa ya kufifisha nywele.

Eneo linalopakwa pia ni tofauti. Mtu hupaka nywele za kichwani. Mbwa anayepakwa mwili mzima hupata dawa kwenye ngozi yake karibu yote, na mbwa mwenye uzito wa kilo 2 au 3 hupokea kiasi kikubwa kikilinganishwa na uzito wake.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ulimi. Mtu halambi nywele zake. Mbwa hujilamba miguu, mkia na tumbo kila siku, na mbwa wanaoishi pamoja hulambana. Chochote kinachopakwa kwenye manyoya lazima kihesabiwe kuwa kitamezwa.

Madhara ya kiafya

Dawa kali zinaweza kuunguza ngozi na kuacha wekundu, malengelenge na vidonda. Zikiingia machoni huweza kujeruhi mboni na kuharibu uwezo wa kuona. Mvuke wa amonia huwasha pua na koo.

Katika kaunti ya Pinellas, jimbo la Florida, mbwa mdogo mweupe wa aina ya Maltese alifikishwa kwenye kituo cha huduma za wanyama akiwa ameunguzwa vibaya na rangi ya zambarau ya nywele za binadamu. Macho yake yalikuwa yamevimba na kufumba. Matibabu yalichukua takriban miezi 3, na kituo kilitumia habari yake kuwaonya wenye mbwa wasitumie rangi za watu.

PPD ina hatari ya pekee. Kwa binadamu huweza kusababisha mzio wa ngozi unaojitokeza saa au siku kadhaa baada ya kupakwa. Ikimezwa huweza kuvimbisha uso na koo hadi kuziba pumzi, kuharibu misuli na kuathiri figo. Sumu hiyo imewahi kuua watu katika nchi kama Sudan, ambako unga wa PPD huchanganywa na hina.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua dawa hiyo kwa sura nyingine: ndiyo inayopatikana katika piko nyingi nyeusi zinazotengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele. Piko ya namna hiyo imewatoa malengelenge maharusi na watalii. Hina halisi, inayotokana na majani ya mhina, ni kitu kingine. Hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia nyekundu, kamwe si nyeusi tititi. Hata hivyo neno "asilia" si kinga kamili. Hina inayouzwa madukani huweza kuwa imechanganywa na kemikali, na mimea mingine isiyomdhuru mtu ni sumu kwa mbwa.

Kuna pia madhara yanayotokana na kazi yenyewe. Mbwa huweza kupata joto kali mno chini ya mashine ya kukaushia, hasa wale wenye pua bapa ambao hupata shida ya kupumua. Manyoya yaliyopakwa mara kwa mara hukauka na kukatika. Vilevile rangi huweza kuficha wekundu, upele au mabadiliko ya ngozi ambayo mwenye mbwa au daktari wa mifugo angeyaona mapema.

Mbwa anaionaje rangi

Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na Jay Neitz na wenzake ulionyesha kuwa mbwa ana aina 2 za chembe za kupokea rangi machoni, wakati binadamu wengi wana aina 3. Mbwa hutofautisha vizuri buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani kwake hazitofautiani sana. Rangi ya waridi inayomfurahisha mwenye mbwa haionekani kwa mbwa kama inavyoonekana kwa mtu.

Kinachomfikia mbwa zaidi ni harufu, kwa kuwa pua yake ni nyeti mno kuliko ya binadamu. Manukato na dawa ambazo mtu huzisahau baada ya dakika chache hubaki juu ya mwili wa mbwa usiku na mchana. Mbwa pia hutambuana kwa kunusana.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba mbwa huona haya kwa kuwa na rangi ya waridi. Aibu ya namna hiyo ni ya binadamu. Lakini woga, uchovu na maumivu ni vya mbwa kweli, na vina dalili zake: kujilamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, kulaza masikio nyuma, kuficha mkia katikati ya miguu, kugeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, kutetemeka, au kuganda bila kusogea. Mbwa aliyeganda mezani mara nyingi husifiwa kuwa mtulivu, kumbe ameshakata tamaa ya kukimbia.

Hoja za wanaotetea

Wasusi na wenye mbwa wanaotetea desturi hii hutoa hoja zifuatazo.

Kwanza, rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, zikitumiwa na mtu aliyejifunza, haziunguzi na hutoka zenyewe. Pili, mbwa anayetunzwa kwa ajili ya mashindano husafishwa, hukaguliwa ngozi, hukatwa kucha na kuchanwa mara nyingi kuliko mbwa wa kawaida. Tatu, mbwa wengi hupenda kushughulikiwa, na mbwa wa rangi huvuta watu wanaomsogelea kwa furaha. Nne, kazi hiyo haiachi alama ya kudumu. Kukata mkia au masikio kwa ajili ya sura kulikubaliwa kwa vizazi vingi, na kuzalisha mbwa wenye pua bapa wanaohema kwa shida kunaendelea hadi leo. Wanaotetea huuliza kwa nini rangi inayotoka kwa maji ilaumiwe kuliko hayo.

Hoja ya mwisho ina uzito. Mbwa aliyezaliwa na njia nyembamba ya pumzi kwa sababu ya mtindo huteseka maisha yake yote, ilhali ncha ya mkia yenye rangi hunyolewa kwa dakika moja.

Hoja za wanaopinga

Wapinzani hujibu kwamba kuwepo kwa ubaya mkubwa hakuhalalishi mdogo. Shirika la RSPCA la Uingereza hupinga kupaka wanyama rangi kwa ajili ya kuburudisha watu, likisema kwamba kufanya hivyo kunaeneza fikra kwamba mnyama ni kipambo badala ya kiumbe mwenye hisia.

Hoja yao kuu ni ridhaa na faida. Mtu anayepaka nywele ameamua mwenyewe, na akiona zinawasha anaweza kusuuza. Mbwa hakuomba, hawezi kusema panapomuuma, na hapati chochote kutokana na rangi. Anachoweza kupenda ni kuguswa, kusifiwa na kupewa kitu kitamu, na hayo yote yanaweza kufanyika bila rangi. Kuoga na kunyolewa huweza kumchosha mbwa pia, lakini humwondolea viroboto na manyoya yaliyosongamana. Rangi huongeza saa za kusimama mezani bila kumwondolea shida yoyote.

Hoja nyingine ni kuiga. Picha ya mbwa aliyepakwa na mtaalamu haionyeshi dawa iliyotumika wala muda uliotumika. Anayeiona huweza kuchukua rangi ya nywele iliyopo nyumbani na kumpaka mbwa wake. Hivyo kazi iliyofanywa kwa uangalifu huweza kuzaa nyingine zisizo na uangalifu.

Wengi hutumia kipimo cha "uhuru tano" wa wanyama, kilichotokana na ripoti ya kamati ya Brambell nchini Uingereza mwaka 1965 na kupangwa katika sura yake ya sasa mwaka 1979. Uhuru huo ni: kutokuwa na njaa na kiu, kutokuwa na usumbufu, kutokuwa na maumivu, majeraha na magonjwa, kuweza kuonyesha tabia za asili, na kutokuwa na woga na dhiki. Kwa kipimo hicho rangi yenyewe si kosa wala si haki. Huwa kosa pale inapomwunguza mbwa, inapomzuia kujilamba, au inapomlazimu kusimama kwa woga.

Sheria

Sheria zinazotaja rangi waziwazi ni chache, na nyingi zilitungwa kwa ajili ya vifaranga na sungura waliopakwa rangi na kuuzwa kama wanasesere wakati wa Pasaka nchini Marekani. Vifaranga hao walinunuliwa kwa watoto, na wengi walikufa au kutupwa rangi ilipofifia.

Jimbo la Florida lilipiga marufuku kupaka wanyama rangi mwaka 1967. Mwaka 2012 bunge la jimbo lililegeza sheria hiyo baada ya wasusi wa mbwa kulalamika kwamba inawazuia kushiriki mashindano.

Katika mji wa Boulder, Colorado, kanuni za mji zilikataza kupaka wanyama rangi. Mwaka 2008 mwenye saluni mmoja aliandikiwa faini ya dola 1,000 kwa kumpaka pudeli wake rangi ya waridi. Alieleza kwamba alitumia maji ya bitiruti, na kwamba alitaka kuwakumbusha watu juu ya saratani ya matiti. Kesi hiyo ilizua mjadala mkubwa, kwa kuwa sheria iliyokusudiwa kulinda vifaranga ilimkamata mtu ambaye mbwa wake hakuonekana kuumia.

Barani Ulaya, mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1987 juu ya ulinzi wa wanyama wa nyumbani unakataza upasuaji wa kubadili sura usio wa matibabu, kama vile kukata mikia na masikio. Nchini Uingereza sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 haihukumu rangi bali mateso: anayemsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima anaweza kushtakiwa.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360. Sheria hizo huzungumzia ukatili na mateso kwa jumla, nazo huhusu mbwa wa nyumbani sawa na punda na ng'ombe.

Afrika Mashariki

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au kuchunga mifugo, na si kawaida kumpamba. Katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam huduma za kuosha na kunyoa mbwa zimeongezeka, na picha za mbwa wa rangi kutoka nchi nyingine huonekana kwenye simu za watu kila siku.

Kwa mfugaji wa kawaida, rangi inayojulikana ni ile ya alama: mbuzi na kondoo hupakwa rangi ili wasichanganyike mnadani au baada ya kupewa dawa. Rangi ya mafuta ya kupaka nyumba haifai kwa kazi hiyo wala kwa mbwa, kwa sababu haioshiki kwa maji, na mafuta ya taa au petroli yanayotumiwa kuiondoa huunguza ngozi na ni sumu yakilambwa.

Tahadhari

Watu wanaoamua kumpaka mbwa rangi hushauriwa kufuata mambo yafuatayo:

- Kutotumia kamwe rangi ya nywele za binadamu, dawa ya kufifisha nywele, piko, rangi ya nyumba wala kalamu za wino usiofutika.
- Kutumia tu rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, na kuijaribu kwanza mahali padogo kwa siku 2 kabla ya kuendelea.
- Kuepuka uso, macho, masikio kwa ndani, sehemu za siri na nyayo.
- Kutompaka mbwa mchanga, mzee, mjamzito, mgonjwa, au mwenye upele au jeraha.
- Kuacha mara moja mbwa anapoonyesha dalili za woga au anapojaribu kuondoka.

Ikiwa mbwa amekwisha kupakwa dawa kali, inafaa kumwosha mara moja kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni laini ya mbwa, kumzuia asijilambe, na kumpeleka kwa daktari wa mifugo pamoja na paketi ya dawa iliyotumika. Mbwa asilazimishwe kutapika bila agizo la daktari, kwa sababu dawa inayounguza huunguza tena inaporudi juu. Dalili za hatari ni kutokwa na mate mengi, kutapika, kuvimba uso, kupumua kwa shida, mkojo mweusi na kulegea.

Kwa mwenye mbwa anayetaka urembo bila shaka yoyote, ukanda wa shingoni wenye rangi au utepe hutimiza kusudi lilelile. Unavuliwa mbwa anapochoka, jambo ambalo rangi hairuhusu.